Koti la Kupigia Picha

Mwavita alikaa kwangu siku chache baada ya kumzika Yusta, na kazi yetu kubwa ikawa kubishana. Yeye anashikilia kwamba koti lilikuwa jeusi. Mimi nasema lilikuwa la rangi ya kahawa, limepauka mabegani kwa jua la dirishani. Yeye anasema Mama Gulbanu alikuja Itetemia, kijijini kwa kina Yusta, amebebwa nyuma ya baiskeli, mwavuli mkononi. Mimi namkumbuka akishuka kwenye gari la jirani yake muuza vitambaa, akilalamikia magoti, na hata hivyo nani angeweza kumbeba Mama Gulbanu kwa baiskeli kwenye mchanga ule? Jirani aliyetusikia ukutani alidhani tunagombea urithi, akaja kutuamulia. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumebaki wawili, na kila mmoja aliogopa kwamba akikubali maneno ya mwenzake, kipande chake cha mwaka ule kitapotea. Kwa hiyo naandika changu. Mwavita akitaka, na aandike chake. Habari za nani alimzaa nani nitaziacha, maana hizo husemwa kwenye kila msiba hadi watu wanasinzia. Nataka kueleza jinsi wasichana watatu wa Tabora tulivyojifunza kupiga picha, wakati Waingereza bado wako Boma, na jinsi mmoja wetu alivyokaribia kupakiwa kwenye treni ya Bukene kwa sababu ya koti.

Studio ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa Mama Gulbanu, mjane wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, ila kikali kidogo. Studio aliirithi kwa mumewe, pamoja na kamera kubwa ya miguu mitatu, pazia lililochorwa ngazi na maua, na lile koti, lililoning'inia kwenye msumari kwa ajili ya mteja yeyote asiye na la kwake. Biashara ilikuwepo, lakini nusu yake ilikuwa majumbani, ndani ya nyua za wanawake wa mjini waliokaa tawa, wasionekane na wanaume wa nje. Hao hawakukubali kukaa mbele ya mwanamume aliyejifunika kitambaa cheusi, hawajui humo ndani anatazama nini. Mama Gulbanu angekwenda mwenyewe, lakini magoti yalikataa. Ndipo akatangaza kwamba atafundisha wasichana, na atakayehitimu atampa kazi ya kuingia majumbani.

Mwavita alizisikia habari hizo stesheni, ambako baba yake alikuwa na kazi ya reli na ambako kila neno la mji lilipita kabla ya kufika kwa mwenyewe. Akaja kuniambia mimi, Zuhura, mwenzake wa shule, kwa sababu alijua nina ugonjwa wa kutaka kujua. Yusta hakuambiwa na mtu. Yeye alikuwa akileta asali ya shangazi yake kutoka Itetemia, na siku moja Mama Gulbanu alimkuta amesimama mlangoni, kibuyu bado kichwani, akitazama picha za watu ukutani. Akamuuliza anataka nini. Yusta akajibu, "Nataka kujua kwa nini huyu anaonekana amekasirika na huyu hajakasirika, na wote wamenuna." Mama Gulbanu alimtua kibuyu na kumwingiza ndani.

Siku ya kwanza alitufunika kitambaa cheusi mmoja mmoja, tukatazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Sijasahau. Mtaa wote ulikuwa humo, mdogo, wenye rangi, na umepinduliwa miguu juu. Fundi cherehani alishona akiwa amening'inia kama popo. Mwavita alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilitaka kujua kama na sisi, machoni mwetu, dunia huingia imepinduliwa, na nani anaigeuza. Mama Gulbanu alisema hilo ni swali la daktari, yeye anafundisha picha. Yusta alikaa chini ya kitambaa muda mrefu kuliko sote, na alipotoka, nywele zimelowa jasho, akaomba kurudi tena.

Chumba cha giza kilikuwa zamani stoo ya unga. Kilinuka siki, dawa na, mvua zilipokaribia, unga wa zamani. Tulisafishia picha humo kwa taa nyekundu, tukitikisa bakuli polepole, na uso wa mtu ukaja wenyewe kutoka kwenye karatasi nyeupe. Hata leo, pamoja na simu hizi za wajukuu, sijaona jambo la ajabu kuliko hilo. Shida yetu ilikuwa joto. Maji ya bomba ya Tabora, jua likiwa kali, yaliweza kuyeyusha utando wa dawa wa kioo cha picha, kile kilichoingizwa kwenye kamera, ukachuruzika wote. Tukahitaji maji ya mtungini. Nikaazima mtungi kwa bibi yangu, na bibi, alipoambiwa kwamba maji yatatumiwa na wageni wa Mama Gulbanu, akaufukiza ubani vizuri, kama ilivyokuwa heshima ya nyumba yetu kwa maji ya mgeni. Vioo vyetu vya kwanza vilitoka na vidoa kila mahali, hata mashavu ya mke wa kadhi yakaonekana yana ndui. Mama Gulbanu aliunusa mtungi, akaninusa na mimi. Bibi alipopelekewa habari alikasirika, akasema watu wasiojua maji mazuri wasilaumu mtungi wake.

Saa za adhuhuri tulikula wote uani, kwenye mkeka. Yusta alileta viazi vya kuchemsha au matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, mimi nilileta chochote bibi alichokuwa amefunika, na Mama Gulbanu alitoa chai ya tangawizi na chapati laini zilizokunjwa mara nne. Hapo ndipo alipotuambia sharti la kumaliza. Yeye hatatutahini. Kila mmoja atapiga picha ya mtu mmoja, ataisafisha mwenyewe, ataipeleka kwa aliyepigwa. "Mwenye uso akisema ndiye, umemaliza. Akisema siye, hujamaliza, hata kama mimi naiona nzuri. Mume wangu alifanya kazi hii maisha yake yote kwa sharti hilo." Mwavita aliuliza kama mtu ana uso mbaya na hataki kuukubali, itakuwaje. Mama Gulbanu alisema watu wenye uso mbaya hukubali haraka, tuwaogope wazuri.

Mimi nilimpiga bibi. Alikubali picha siku hiyo hiyo, akaificha chini ya godoro na hakuionesha mtu. Mwavita alimpiga mama yake na birika lake la shaba, na mama yake alisema birika limetoka vizuri. Yusta akasema atampiga babu yake, Mzee Kasanda, na hapo ndipo nilipoanza kujua kwamba kwake mambo si mchezo. Tulikuwa Itetemia tukimsaidia kumenya karanga, tumekaa upande wa nyuma wa jiko, na ukuta wa jiko ulikuwa wa mabua. Shangazi yake, Veronika, alikuwa ndani akisonga ugali na kuzungumza na kaka yake, baba wa Yusta.

"Msichana anashinda gizani na yule Mhindi, anarudi ananuka siki," shangazi alisema. "Watu wa Bukene wanangoja jibu. Watangoja hadi lini?"

"Mwache amalize."

"Akimaliza ndiyo nini?"

"Baba ndiye atakayesema. Si anataka kumpiga picha baba? Vizuri. Baba akiikubali ile picha, basi amejua kazi, na abaki na kazi yake. Akiikataa, walikuwa wanacheza, na mwezi ujao anapanda treni."

Nilimtazama Yusta. Aliendelea kumenya. Baadaye, akitusindikiza, alisema kwamba hana ubaya wowote na yule mtu wa Bukene, ana shamba la pamba na watu wanamsifu. "Ila mimi bado sijamaliza kutazama," alisema. Nilicheka wakati ule, kwa sababu nilikuwa na umri wa kucheka maneno kama hayo. Sasa nadhani ndiyo maneno ya kweli kabisa niliyowahi kusikia kwa msichana anayeulizwa habari za kuolewa.

Mzee Kasanda alikuwa mpagazi ujanani. Alikuwa miongoni mwa wale wa mwisho waliokwenda pwani kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, kabla ya reli kufika na kuwafanya watu wote wawe mizigo, kama alivyosema mwenyewe. Wazee wa namna hiyo walikuwa wamebaki wachache, na yeye alijua hivyo, na alijivuna. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Karatasi aliileta karibu na pua, na mtu akisimama mbali alimwona kivuli tu. Siku ya picha tulimkuta ameoga, amepakwa mafuta, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, shuka amelifunga kifuani na kuacha mabega wazi.

"Mwangaluka, babu," Yusta alimwamkia kwa Kinyamwezi, na sisi wa mjini tukasema shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeitikia kundi kubwa.

Wakati huo nikaona ana nundu. Ilikaa kwenye bega la kushoto, karibu na shingo, ngumu, nyeusi kuliko ngozi nyingine, inang'aa kama mbegu ya ukwaju. Nilitaka sana kuuliza, hata kuigusa, lakini nilikuwa mgeni. Yusta alikuwa anahangaika na miguu ya kamera. Alipomaliza alifanya kile tulichofundishwa kukifanya kwa kila mwanamume asiye na koti: akalitoa lile koti la studio kwenye mfuko, akamvisha babu yake, akamfunga vifungo hadi shingoni. Yusta alimpanga kidevu, akaingia chini ya kitambaa, akapiga. Mwavita na mimi tulimsifu mzee kwamba amependeza, na kweli alikuwa amependeza.

Picha ilitoka safi. Mama Gulbanu aliishika dirishani na kusema yeye mwenyewe hangeongeza kitu. Tukaipeleka Itetemia tukiwa na furaha, Yusta akiwa mbele na picha ndani ya bahasha ya kadibodi. Ndani ya chumba cha mzee kulikuwa na joto na harufu ya tumbaku. Shangazi Veronika alisimama mlangoni, baba yake Yusta akaketi kwenye kinu kilichogeuzwa. Mzee aliileta picha puani, akaisogeza polepole kutoka juu kwenda chini, akairudisha juu.

"Bega liko wapi?" aliuliza.

Akaisogeza tena puani.

"Naona kola. Naona vifungo. Huyu ni karani." Akamrudishia Yusta. "Huyu karani simjui."

Shangazi hakufurahi, nataka hilo lieleweke. Watu hudhani alikuwa mkali. Aliinama akaokota ufagio ambao haukuwa na haja ya kuokotwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi watawapelekea Bukene habari. Njiani Mwavita alimtukana mzee kwa heshima zote alizojua. Yusta hakulia. Alikuwa ametoa picha kwenye bahasha na kuitazama huku anatembea, akijikwaa, na nilimsikia akisema peke yake, "Ni kweli, ni karani."

Mama Gulbanu aliposikia alikasirika kuliko sote, lakini si kwa ajili ya Yusta. Koti ndilo lililomuuma. Kesho yake, hapa Mwavita aseme atakavyo, alipanda gari la muuza vitambaa pamoja nasi na kamera na kioo kimoja kipya, akashuka Itetemia na mwavuli wake, akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Mzee, hodi. Koti la marehemu mume wangu lina kosa gani? Wamelivaa walimu, wamelivaa makarani, wameolea humo nusu ya mji."

"Karibu, mama," mzee alisema. "Koti halina kosa. Koti zuri. Ila mimi sikubeba pembe kwa koti."

Akateremsha shuka. Mama Gulbanu aliinama. Kisha akatoa mfukoni ile lenzi yake ya kukagulia vioo, akaisogeza karibu na nundu na kuitazama kama alivyotazama kazi zetu, kwa jicho moja, mdomo wazi. Kuku walipita kati ya miguu yake. Mzee akatulia kabisa, na nadhani alipenda.

"Mzungu mmoja alitupiga picha Tura," alisema, bado anatazamwa. "Sote, msafara mzima. Akatugawia shuka nyeupe kwanza, akasema mjifunike mabega, mnatisha. Tukajifunika. Sasa watu wakiiona picha ile watajua tulikuwa kina nani? Watadhani ni kwaya."

Sikuweza kujizuia tena. "Picha yenyewe ilikwenda wapi, babu?"

"Ningejua ningeifuata."

Mama Gulbanu alijinyoosha kwa shida na kumgeukia Yusta. "Haya. Bila koti. Piga."

"Hapana," Yusta alisema.

Nilimwona shangazi akiacha kupepeta.

"Hapana nini?"

"Jua liko utosini, mama. Nundu italala, itaonekana kama doa. Tungoje lishuke, lipige kwa upande."

Hilo alitufundisha Mama Gulbanu mwenyewe, katika wiki za mwanzo, kwa chungwa na mshumaa. Akaukunja mwavuli wake. Kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa, na shangazi akakimbia kuleta mkeka. Tukangoja mchana wote. Tulikula ugali wa mtama, nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na mwishoni asali na nta yake tukiitema pembeni. Mama Gulbanu alikula kwa mkono hadi bakuli likang'aa, akamuuliza shangazi anakausha vipi yale majani, juani au kivulini, anayachemsha kwanza au baadaye. Mzee alieleza jinsi mpagazi mpya alivyovimba bega hadi akashindwa kulala, na jinsi ngozi ilivyopasuka ikapona, ikapasuka ikapona, hadi siku moja mzigo ukakaa na yeye hakuusikia. Alisema siku hiyo alilia, kwa sababu alidhani bega limekufa. Baba wa Yusta alikuwa amesimama nyuma yetu wakati huo, na alisema kwa mshangao kwamba habari hiyo hajawahi kuisikia. "Hukuuliza," mzee alimjibu.

Jua liliposhuka Yusta alimgeuza babu yake kwa upande, uso unatazama barabara, bega linatazama kamera. Alikaa chini ya kitambaa hadi Mwavita akaanza kupiga miayo. Kabla hajaingiza kioo aliniita, akaninyanyulia pembe ya kitambaa, kwa sababu alijua nitaumwa nisipoona. Nikamwona mzee amepinduliwa, mdogo, na bega lake limechongwa na mwanga, kila mkunjo wake na kivuli chake. Tukatoka. Yusta akasema, "Babu, usipumue," na mzee akashika pumzi kama mtu anayenyanyua kitu.

Tuliipeleka Jumapili, watu wa nyumba ile wametoka misa. Sanduku la bati la Yusta lilikuwa limekwishatolewa nje na kufutwa vumbi kwa safari ya Bukene, endapo picha ingekataliwa tena. Shangazi alikuwa mtu wa kujiandaa. Watu wote wa nyumba waliingia chumbani. Mzee aliileta picha puani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza, akaitafuta. Nikaona kwamba haoni. Aliona nyeupe na nyeusi tu, na bega lilikuwa limezama humo. Yusta naye aliona, akafunga mikono kifuani. Angeweza kumwambia lipo, na mzee angemwamini.

Mzee hakumuuliza yeye, wala wa nyumbani. "Wewe mtoto wa mjini," alisema, na kidole chake kikanielekea, kimekosea kidogo. "Ulinitazama bega siku ile tangu ulipofika, na macho yako yaliniwasha. Njoo. Lipo?"

Nikapiga magoti, nikaitazama picha, ingawa nilikuwa nimeitazama siku mbili. Nikamwambia ninachokiona: shingo, na pale shingo inapoishia nundu inaanza, juu yake mwanga, chini yake kivuli, na kovu moja linalokatiza kama njia.

"Kovu nalo limetoka?"

"Limetoka, babu."

Akashika picha kwa mikono miwili, hakuirudisha kwa mtu. Mtoto mmoja akatolewa nje kwa kukohoa. Shangazi Veronika ndiye aliyeuliza, kwa woga, Bukene waambiwe nini.

"Picha hii itundikeni hapa mlangoni," mzee alisema. "Wageni wakiingia watauliza, nani aliyeipiga? Lazima awepo wa kuwajibu."

Yusta akaikunjua mikono yake, akasema, "Nipo, babu."